Kompyuta inakataa kukusajili upate masasisho? Huenda tatizo si nywila

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta inayotumia Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama kama ilivyozoea. Mwenye kompyuta anatakiwa kwanza kuisajili, na ili aisajili ni lazima aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Skrini inasema kuna hitilafu, mtu anaandika nywila mara ya pili, ya tatu, ya kumi, kisha anakata tamaa na kuendelea na kazi kwenye kompyuta isiyolindwa.

Makala hii inaeleza kinachotokea pale kompyuta inapokataa kukuingiza, na kwa utaratibu gani unaweza kutafuta chanzo bila kubahatisha. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: kushindwa kuingia hakumaanishi kuwa nywila ni mbovu. Saa ya kompyuta, bando la intaneti, aina ya akaunti, asili ya kompyuta yenyewe, vyote vinaweza kuleta kosa linalofanana.

Kwa nini usajili huu una uzito?

Mfumo endeshi, kama Windows au Linux, ndio programu mama inayoendesha programu nyingine zote kwenye kompyuta. Una mamilioni ya mistari ya maelekezo, na ndani yake hugunduliwa nyufa ambazo mhalifu anaweza kuzipitia. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, Microsoft hutoa viraka vya kuziba nyufa hizo. Tatizo ni kwamba kiraka kikishatolewa, wahalifu nao hukichunguza ili wajue ufa ulikuwa wapi. Aliyekipata amefunga mlango. Asiyekipata mlango wake uko wazi, na sasa unajulikana.

Dunia ililiona hilo Mei 2017. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa tarehe 12 mwezi huo, ikifunga mafaili ya watu na kudai malipo kwa sarafu ya Bitcoin. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Nchini Uingereza, huduma ya taifa ya afya, NHS, ilipigwa vibaya: huko England pekee ilikadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa, na baadhi ya hospitali zililazimika kuelekeza magari ya wagonjwa kwingine. Kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla. Kilichokosekana ni kukiweka.

Wengi wangependa kuhamia Windows 11 na kumaliza habari, lakini kompyuta zao haziruhusu. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, kwa kiasi kikubwa prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Katika miji ya Afrika Mashariki, kompyuta nyingi zinazouzwa madukani ni zile zilizotumika ofisini Ulaya au Marekani kisha zikaletwa huku. Nyingi ni za kabla ya mwaka huo. Zinafanya kazi vizuri, lakini Windows 11 haizikubali.

Kwa wenye kompyuta za namna hiyo, Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama unaojulikana kwa kifupi kama ESU. Kwa watumiaji wa kawaida unafikia tarehe 13 Oktoba 2026. Kuna njia tatu za kujiunga: bila malipo, ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft, kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa kulipa dola 30 za Marekani mara moja. Usajili mmoja unaweza kutumika kwa kompyuta hadi 10. Lakini hata anayelipa ni lazima aingie kwenye akaunti ya Microsoft. Hakuna njia ya kukwepa.

Nini hutokea unapobonyeza kitufe?

Unapofungua "Settings", kisha "Update & Security", kisha "Windows Update", kompyuta inayostahili huonyesha maandishi "Enroll now". Ukibonyeza hapo, mambo kadhaa hufanyika kwa sekunde chache.

Kwanza, kompyuta inatafuta sava za Microsoft kupitia intaneti. Pili, inahakikisha kwamba sava iliyoipata ni ya kweli, kwa kusoma cheti chake cha kidijitali na kuangalia kama tarehe ya leo iko ndani ya muda wa cheti hicho. Tatu, inapeleka jina na nywila yako vikaguliwe. Nne, kama umeweka ulinzi wa hatua mbili, inasubiri namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu yako. Tano, inaangalia kama akaunti hiyo ni ya aina inayoruhusiwa na kama ina mamlaka juu ya kompyuta hiyo. Mwisho, inaangalia kama kompyuta yenyewe ina sifa.

Hatua yoyote ikikwama, safari nzima inakwama, na mara nyingi maneno yanayoonekana kwenye skrini ni yaleyale: "Something went wrong". Ndiyo maana kurudia nywila mara kumi hakusaidii. Tena kunaweza kudhuru, kwa sababu ukikosea mara nyingi mfululizo akaunti hufungwa kwa muda.

Jaribio la kwanza: ingia kupitia kifaa kingine

Kabla ya kugusa chochote, chukua simu yako au kompyuta nyingine, fungua kivinjari, nenda account.microsoft.com na uingie kwa jina na nywila ileile.

Ukiingia bila shida, umeshajua mengi. Nywila ni sahihi, akaunti ni nzima, na tatizo liko kwenye kompyuta au mtandao unaotumia. Ukikataliwa huko pia, basi shughulika na akaunti kwanza na uiache kompyuta kwa sasa. Jaribio hili la dakika mbili linaweza kukuokolea siku nzima.

Angalia saa

Kwenye kompyuta ya zamani, saa ndiyo ya kuangaliwa mwanzo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayofanana na ile ya mizani au rimoti ya gari. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea kompyuta ikiwa imezimwa. Baada ya miaka kadhaa betri hiyo hufa. Kila umeme ukikatika, kompyuta huamka ikidhani iko mwaka 2015 au nyuma zaidi.

Kompyuta inayodhani iko mwaka 2015 ikipewa cheti cha sava kilichotolewa mwaka huu, itakiona kama hati ambayo tarehe yake bado haijafika. Itakataa kuongea na sava, na nywila yako haitapelekwa popote. Dalili ni rahisi kuitambua: tovuti nyingi nazo zinakataa kufunguka, na kivinjari kinaonya kuhusu cheti au kinasema saa yako iko nyuma. Rekebisha tarehe, na kama tatizo linarudi kila asubuhi, badilisha betri. Ni kitu cha bei ndogo na fundi yeyote wa kompyuta anaweza kukibadilisha.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi. Kompyuta iliyotoka Marekani mara nyingi huja ikiwa imewekwa majira ya huko. Mwenye nayo akiona saa haifanani na ya ukutani, anaisogeza kwa mkono hadi ilingane, lakini hagusi eneo la saa. Sasa kwa macho saa ni sahihi, ila kompyuta ikipiga hesabu ya saa ya dunia inakosea kwa saa nyingi. Huduma zinazotumia muda kama sehemu ya ulinzi zinaweza kuikataa.

Fungua "Time & Language", chagua eneo kwanza, kisha ubonyeze "Sync now" ili kompyuta ijirekebishe kwa intaneti. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda eneo ni lile lililoandikwa Nairobi, saa 3 mbele ya saa ya dunia. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ni lile lililoandikwa Harare na Pretoria, saa 2 mbele.

Simu yako nayo isisahaulike. Programu zinazotengeneza namba za uthibitisho, zile zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, hutumia saa ya simu. Simu iliyopotoka kwa dakika chache itatoa namba zisizokubalika hata kama umezinakili bila kosa. Weka saa ya simu ijirekebishe yenyewe kwa mtandao.

Mtandao upo, lakini je, unapita?

Alama ya intaneti kwenye skrini inaweza kudanganya. Watu wengi huunganisha kompyuta kupitia simu. Bando likiwa ni lile la mitandao ya kijamii pekee, WhatsApp itafanya kazi vizuri na mtu ataamini kwamba ana intaneti, kumbe sava za Microsoft hazifikiki kabisa. Hakikisha una bando la kawaida.

Katika hoteli, vyuo na maktaba, Wi-Fi mara nyingi hukutaka ukubali masharti au uandike namba ya chumba kabla ya kukufungulia njia. Ukurasa huo huonekana ndani ya kivinjari, si ndani ya dirisha la usajili. Kwa hiyo fungua kivinjari kwanza, maliza masharti, kisha urudi kujisajili.

Ofisi nyingine huweka kizuizi kinachochuja tovuti. Na watu binafsi wengine hutumia VPN, yaani programu inayoonyesha kana kwamba uko nchi nyingine. Microsoft ikiona mtu aliyeingia Mombasa asubuhi anajaribu kuingia kutoka Amsterdam mchana, inaweza kushuku wizi na kudai uthibitisho zaidi. Zima VPN wakati wa kujisajili. Ukiwa ofisini, jaribu mara moja kwa intaneti ya simu: ikikubali, tatizo ni mtandao wa ofisi.

Nywila ipi, ya akaunti ipi?

Kama saa na mtandao ni sawa na bado unakataliwa, sasa ni wakati wa kuiangalia nywila, ila kwa makini kuliko kuirudia tu.

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni PIN. Ile namba fupi unayoandika kila asubuhi kufungua kompyuta si nywila ya akaunti yako. PIN ni ya kompyuta hiyo moja na haitoki nje yake. Dirisha la usajili likiomba nywila ya Microsoft, PIN haitakubaliwa. Aliyetumia PIN kwa miaka mitatu anaweza kuwa ameshasahau kwamba nywila ipo.

Vivyo hivyo kuna akaunti ya ndani, ambayo ilitengenezwa kwenye kompyuta yenyewe bila barua pepe. Nywila yake nayo haijulikani nje ya kompyuta hiyo. Kama ndiyo unayotumia, utahitaji kufungua akaunti ya Microsoft, au kutumia uliyo nayo tayari kwa ajili ya Outlook au Xbox.

Akaunti uliyopewa na mwajiri au chuo ni habari nyingine tena. Baadhi ya watu wana barua pepe moja iliyosajiliwa mara mbili, mara moja kama ya binafsi na mara moja kama ya kazi, kila moja na nywila yake. Ukiulizwa uchague, chagua ya binafsi.

Kibodi nayo ina vituko vyake. Kompyuta iliyotoka Ujerumani inaweza kuwa na mpangilio ambao herufi Y na Z zimebadilishana nafasi. Ya Ufaransa imebadilisha A na Q, pia Z na W. Nywila yenye moja ya herufi hizo, au yenye alama kama @, itakosewa kila mara ingawa vidole vyako havijakosea. Bonyeza alama ya jicho pembeni mwa kisanduku cha nywila uone kinachoandikwa hasa. Halafu angalia kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa.

Mwisho ni laini ya simu. Namba ya uthibitisho hutumwa kwenye simu au barua pepe uliyoandikisha zamani. Kama laini hiyo ilipotea au uliiacha, namba inaenda usikoweza kuifikia, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza hata kupewa mtu mwingine. Ukilazimika kubadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo, Microsoft hukuwekea muda wa kusubiri wa siku 30 ili mwizi asiweze kukunyang'anya akaunti kwa haraka. Siku hizo hazifupishwi. Ndiyo maana ni vizuri kuhuisha namba yako leo ungali ukiweza kuingia, badala ya kungoja siku ya dharura.

Kompyuta yenyewe inastahili?

Inawezekana ukaingia kwenye akaunti vizuri na bado usajili ukagoma. Hapo swali linahama kutoka kwa mtu kwenda kwenye kompyuta.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika "winver", kisha Enter. Utaona toleo. Ni lazima liwe 22H2. Kama ni la zamani zaidi, sasisha kwanza. Angalia pia aina ya Windows: mpango wa watumiaji wa kawaida ni kwa Home, Pro, Pro Education na ile ya Workstation. Kompyuta nyingi za mitumba zimewekewa Windows ya aina ya Enterprise, ambayo ni ya mashirika na ina utaratibu wake wa kununua masasisho kwa wingi. Aliyeuziwa hiyo hataona "Enroll now" hata akifanya nini.

Kisha fungua "Accounts" na uingie "Access work or school". Kama kuna jina la kampuni au shule usiyoifahamu, kompyuta yako bado inajulikana kama mali ya mmiliki wa kwanza na inasimamiwa na mitambo yake. Kompyuta inayosimamiwa na shirika kwa namna hiyo, au iliyounganishwa na mtandao wa ndani wa ofisi, haipokelewi kwenye mpango wa watu binafsi. Kuna hata zile ambazo ukizifuta na kuweka Windows upya, zinaanza kwa kuomba uingie kwa akaunti ya kampuni ya Ulaya iliyoziuza. Hapo nywila yako haina kosa lolote: mwenye uwezo wa kuifungulia kompyuta hiyo njia ni shirika lenyewe. Mnunuzi ana haki ya kumrudia muuzaji, na ni busara kukagua jambo hili dukani kabla ya kutoa fedha.

Pia, akaunti unayotumia ni lazima iwe na mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta. Akaunti ya mtoto haikubaliwi. Kama kompyuta ya nyumbani iliandaliwa kwa jina la mtoto ili asomee, mzazi aingie kwa akaunti yake na kufanya usajili.

Wakati mwingine kosa si lako

Mitambo ya upande wa pili nayo hukosea. Katika miezi ya mwanzo, dirisha la usajili lilikuwa likijifunga lenyewe kwenye baadhi ya kompyuta, na Microsoft ililirekebisha kwa sasisho KB5063709 la tarehe 12 Agosti 2025. Mpango ulipoanza rasmi, bado kulikuwa na kompyuta ambazo usajili ulikwama katikati, na tarehe 11 Novemba 2025 kampuni ilitoa sasisho la dharura, KB5071959, kwa ajili hiyo hasa. Kwa hiyo kompyuta iliyokaa kabatini tangu katikati ya mwaka 2025 ipewe kwanza masasisho yote yaliyopo, iwashwe upya, ndipo ijaribiwe kusajiliwa.

Kuna pia kosa linaloletwa na nia njema. Mtandaoni zipo programu nyingi zinazodai kuifanya Windows iwe nyepesi kwa kuzima huduma zisizo na maana. Baadhi yake huzima huduma iitwayo "Microsoft Account Sign-in Assistant", na bila hiyo kompyuta haiwezi kuingia kwenye akaunti yoyote ya Microsoft. Andika "services.msc" kwenye kisanduku cha kutafutia, itafute huduma hiyo, na kama imeandikwa "Disabled" ibadilishe iwe "Manual".

Kwa wanaosimamia sava

Hali hiihii huwakuta mafundi wa sava zinazotumia Linux. Red Hat Enterprise Linux, inayotumika sana katika benki na makampuni ya simu, haipati masasisho mpaka sava isajiliwe kwa amri "subscription-manager register". Jibu linalokera ni kosa namba 401, linalosema jina au nywila si sahihi.

Hapa pia, yawezekana nywila haina tatizo. Red Hat inakuwezesha kuwa na jina la kuingilia lisilofanana na barua pepe yako, na wengi huandika barua pepe. Wengine huandika nywila ndani ya amri yenyewe, na kama ina alama ya $ au !, mfumo huichukua alama hiyo kuwa maelekezo na kuibadilisha kabla haijafika. Acha amri ikuulize nywila, uiandike hapo. Kama kampuni yenu huingia kwa mfumo wake yenyewe wa utambulisho, nywila ya kampuni haitafanya kazi kwenye amri hii, kwa hiyo tumieni ufunguo wa uamilishaji pamoja na namba ya shirika. Njia hiyo ni salama zaidi pia, kwa sababu nywila ya mtu haibaki kwenye historia ya amri.

Angalia saa kwa "timedatectl". Hakikisha njia ya kwenda subscription.rhsm.redhat.com kwenye mlango 443 iko wazi. Soma faili la /etc/rhsm/rhsm.conf, kwani sava iliyowahi kusajiliwa kwenye mtambo wa ndani wa ofisi inaweza kuwa bado inabisha hodi kwenye mtambo uliokwisha kuzimwa. Na kabla ya kukisia, fungua kumbukumbu zilizoko /var/log/rhsm/rhsm.log. Humo sababu huandikwa kwa urefu kuliko inavyoonekana kwenye skrini.

Ubuntu imechukua njia tofauti kwa huduma yake ya Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure hadi mashine 5. Amri "sudo pro attach" haiulizi nywila. Inakupa msimbo mfupi, unaenda kuuandika kwenye tovuti kupitia kifaa chochote ulichokwisha kuingia. Makosa mengi tuliyoyataja hapa huepukwa kwa njia hiyo.

Anayejitolea kukusaidia ni nani?

Mtu aliyekwama ni mawindo rahisi. Akitafuta msaada mtandaoni anaweza kukutana na namba ya simu inayodai kuwa ya Microsoft. Tambua kwamba ujumbe wa hitilafu unaotoka Microsoft hauweki namba ya simu ya kupiga. Ukiona namba kwenye onyo, onyo hilo ni la matapeli. Anayekuomba umruhusu kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali, au umtumie fedha kwa simu ili "afungue masasisho", anataka fedha zako. Na namba ya uthibitisho iliyotumwa kwako haisomwi kwa mtu yeyote, hata akiwa na sauti ya upole namna gani.

Kwa fundi wa mtaani, mtu unayemjua na kumwamini, kuna tahadhari ndogo. Baadhi ya mafundi, kwa kutaka kumaliza kazi haraka, husajili kompyuta ya mteja kwa barua pepe yao wenyewe. Masasisho yatakuja, lakini akaunti ni yake, na mipangilio yako, pengine na mafaili, vinahifadhiwa mikononi mwake. Siku akihama mji umebaki nje ya mlango. Mwombe afungue akaunti kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, nawe uandike nywila mwenyewe.

Utajuaje kwamba umefanikiwa?

Rudi kwenye ukurasa wa "Windows Update". Ukiwa umesajiliwa, utaona maneno yanayosema kompyuta yako imeandikishwa kupata masasisho ya ziada ya usalama. Bonyeza "Check for updates" na uache ipakue. Kama unatumia intaneti ya simu, huenda Windows imeihesabu kuwa ya kupimwa na ikasubiri ruhusa yako kabla ya kupakua.

Walioko katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya wanapata mpango huu bure bila hata kuhifadhi mipangilio, lakini wana sharti lao: waingie kwenye akaunti ileile ya Microsoft angalau mara moja kila siku 60. Wasipofanya hivyo masasisho hukatika, na itabidi wajisajili upya.

Aliyechelewa hajapoteza kila kitu. Usajili uko wazi hadi mwisho wa mpango, na viraka vya Windows hujumlisha vilivyotangulia, hivyo anayejiunga leo hupata pia vya miezi iliyopita. Lakini miezi ile aliyokaa bila kiraka, mlango ulikuwa wazi. Na tarehe 13 Oktoba 2026 si mbali: huo ndio muda alio nao mwenye kompyuta ya zamani kuamua kama atanunua nyingine au atahamia Linux, ambayo kwenye mashine nyingi za umri huo hufanya kazi bila shida.